Vipande Sitini kwa Elfu Kumi na Mbili

"Umepima rafu moja, mama, halafu unazihukumu zote kumi na mbili," mwanangu akaniambia mbele ya watu. Nikamjibu kwamba nilianza kupima sabuni yeye akiwa bado ananyonya, kwa hiyo asinifundishe kazi.

Tulikuwa tumeshabishana robo saa nzima. Mimi ni msimamizi wa kiwanda kidogo cha sabuni. Yeye anasoma takwimu chuoni na alikuwa kwetu kwa mafunzo ya vitendo. Lori la hospitali lilikuwa limeegeshwa getini, limekuja kuchukua vipande elfu kumi na mbili, na mkataba ulitaka wastani wa kipande usipungue gramu mia na hamsini. Tukipeleka pungufu, mzigo unarudi na jina letu linachafuka. Tukiyeyusha na kumimina upya, sabuni haikauki kabla ya siku kumi, na hospitali ingetafuta mwingine. Akina mama tisa wanaofunga maboksi walikuwa wamesimama wanatutazama, maana bila hospitali hawana kazi.

Nilikuwa nimepima kama siku zote: vipande sitini kutoka rafu ya kwanza, ile ya dirishani. Utaratibu huo niliuandika kwa mkono wangu miaka kumi na mmoja iliyopita na kuubandika ukutani. Nilipata wastani wa gramu 146. Hesabu za diploma sijazisahau, nikatafuta na kiwango cha kukosea: hakikufika hata nusu gramu, juu au chini. Kwangu mjadala uliishia hapo. Nikaagiza sufuria la kuyeyushia liwekwe motoni.

Mpishi wa sabuni tunamwita Povu, kwa sababu maneno hayamwishi. Aliwasha gesi, kisha akauliza kama atupie sabuni au asubiri kwanza mama na mtoto wapatane.

Binti yangu hakucheka. Yeye naye alikuwa amepima sitini, ila simu yake ndiyo iliyomchagulia namba bila mpangilio, kuanzia moja hadi elfu kumi na mbili. Namba 7,346 ilimpeleka rafu ya nane, trei ya nne, akapanda ngazi kuchukua kipande kimoja tu. Asubuhi nzima nilimwona anapanda na kushuka, nikadhani anapoteza muda. Wastani wake ulikuwa gramu 151.2, na kiwango cha kukosea kwake kilikuwa kikubwa kuliko changu, gramu 0.9. Kwa hiyo, alisema, wastani wa mzigo wote uko kati ya 150.3 na 152.1.

Nikamuuliza ana uhakika gani.

"Siyo uhakika kamili, mama. Nikichagua sitini upya mara mia, kila mara nikaandika mipaka yangu, karibu mara tisini na tano wastani wa kweli utakuwa humo ndani. Leo naweza kuwa kwenye zile tano. Lakini wewe hata ukipima mia sita za dirishani, utazidi kuijua vizuri rafu ya dirishani tu."

Hapo alinigusa pabaya. Nikasema basi tupime sabuni yote, tuone nani mjinga. Kwenye stoo ya malighafi, ng'ambo ya ua, kuna mizani kubwa ya sakafuni ambayo hakuna aliyewahi kuisukumia rafu, kwa sababu ua una kokoto na magurudumu yanakwama. Siku hiyo rafu zote zilisukumwa. Hata dereva wa lori alishika.

Rafu ya kwanza, ukitoa uzito wa chuma, ilikuwa na kilo 146 kwa vipande elfu moja. Nikamtazama binti yangu, akainamisha uso. Ya pili, 149. Zilizofuata zilikuwa nzito zaidi, lakini tulipofika ya sita wastani ulikuwa bado 149.8. Rafu ya saba ikatuvusha mia na hamsini, na hatukurudi tena chini. Jumla ya rafu kumi na mbili: kilo 1,811. Nikaigawanya kwa vipande elfu kumi na mbili, kisha nikarudia hesabu nihakikishe.

Gramu 150.9.

Iko ndani ya mipaka yake. Karatasi aliyoiandika mipaka hiyo ilikuwa mfukoni mwake kabla rafu hata moja haijasogezwa. Vipande sitini vinaenea kwenye beseni moja la kufulia, na vilikuwa vimejua habari za maelfu ya vipande ambavyo hakuna aliyevipima. Mwili ulinisisimka. Niliisoma hesabu hii chuoni, nikafaulu, na sikuwahi kuiamini mpaka niliposimama kwenye ile stoo.

Kisha nikakumbuka kwamba kila kiangazi, kama sasa, dirisha linapigwa na jua, sabuni ya rafu ile inakauka kupita kiasi na kupungua uzito, na viangazi vilivyopita tumewahi kuyeyusha mizigo kwa amri yangu. Ni mizigo minne, na huenda yote ilikuwa mizima.

Sikuomba radhi, siyo kawaida yangu. Nilivuka ua, nikazima gesi kwa mkono wangu, nikabandua ile karatasi ya utaratibu ukutani na kumpa binti yangu aandike utaratibu mwingine nyuma yake. Nikamwambia dereva arudishe lori nyuma mpaka mlangoni, na boksi la kwanza nikalibeba mwenyewe.