Samaki wa Pipa la Mama Mkwe

Miaka kumi na tisa nimebeba bomba la dawa ya mbu mgongoni, na kila nyumba ninayoingia natoa onyo lile lile: funikeni maji, ondoeni samaki. Kwa hiyo sina pa kujificha. Nilijua.

Mama mkwe aliikataa dawa yangu kwa sababu ilimbana kifua. Badala yake akafuga visamaki kwenye pipa la maji ya kufulia, vidogo kama ukucha, ili vimeze viluwiluwi kabla havijawa mbu. Nilimcheka, nikamwonya kwamba havitadumu. Baada ya miezi miwili mbu wakapungua kwake kuliko kwangu, na mke wangu akanitania kwamba visamaki vimenitilia kitumbua mchanga. Nikajifanya nacheka tena, lakini wivu ulinikereketa.

Jumamosi ile majirani wanne walikuwa waje na ndoo kuchukua mbegu ya visamaki. Mama mkwe aliniomba nimpangie viti uani, kisha akaenda kuoga. Nilibaki na pipa. Nilijiambia ni matone machache tu, vilegee kidogo, watu waone kwamba mambo ya kienyeji hayategemeki. Mtu mzima, mkwe wa watu, nikafungua kichupa cha dawa yangu.

Majirani walichelewa saa nzima. Walipofika, visamaki vyote vilikuwa vinaelea matumbo juu.

Mama mkwe aliinamia pipa. Kisha akawaomba radhi kwa kuwapotezea asubuhi yao, akasema kosa ni lake: jana aliongeza maji ya bomba bila kuyaacha yatulie klorini iishe. Nikajitolea haraka kuyamwaga yale maji, naye akanisifu mbele yao kwamba nina moyo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Walipoondoka na ndoo zao tupu, alinishika mkono.

"Ulinionya, mwanangu, nikafanya ubishi wa kizee. Jumatatu njoo unipulizie."

"Na kifua, mama?"

"Nitavumilia. Wewe ndiye unayejua kazi."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Badala yake nikasema, "Sawa, mama."

Jumatatu nilianza na chumba chake. Alikaa uani, kitambaa puani, akikohoa mpaka machozi yakamtoka. Nilipotoka, akavuta pumzi kwa shida, akanishukuru.