Kadi ya Rilei Ilivyostaafishwa Kiwandani

Binti yangu wa mwisho ni fundi mkuu wa umeme kwenye kiwanda cha magodoro. Jumatano alirudi mchana, akajitupa kitini na viatu vyake vya kazi miguuni, nikajua kuna jambo.

"Mama, kadi imekufa."

Nikampa pole, ingawa sikujua marehemu ni nani. Akanieleza polepole, maana anajua shule yangu iliishia njiani. Ile mota kubwa inayokoroga povu la magodoro ina mlinzi wake, kisanduku kinaitwa rilei. Umeme ukizidi, au mota ikipata joto, rilei inakata umeme kabla mota haijaungua. Ndani yake mna kadi za kuchomeka na kuchomoa, kama droo za kabati. Ikifa moja unabadilisha hiyo tu.

"Sasa si ubadilishe?"

"Hizi hazitengenezwi tena, mama. Na meneja amesema mota isipozunguka kabla ya kengele ya Ijumaa jioni, nikae nyumbani moja kwa moja."

Akapiga simu kila mahali, mimi nikimwekea chai inapoa, namwekea nyingine. Muuzaji wa kwanza alisema anayo, akatuma picha ya redio. Wa pili alikuwa na toleo jipya, ambalo halielewani kabisa na wenzake ndani ya kisanduku. Wa tatu ni mzee anayenunua vyombo vya viwanda vilivyofungwa. Huyo alikuwa nayo, ile ile, imetoka kiwanda cha karatasi. Alhamisi asubuhi binti yangu akaifuata, akarudi nayo imefungwa kwenye kanga yangu.

"Haya, kaichomeke."

"Siwezi. Ya zamani haijaacha kazi."

Kumbe kompyuta yao ya ofisini haitenganishi watu na vyombo. Kila kinachofanya kazi pale kina namba ya mfanyakazi, na nafasi haijazwi mpaka aliyekuwepo aondoke. Kuacha kazi mwenyewe kadi haiwezi. Ikiandikwa imekufa, kiwanda kinafungwa siku tatu za msiba, na Ijumaa ndiyo kesho. Ilibaki kustaafu. Lakini anayestaafu lazima apokelewe na mzazi wake.

"Mama, naomba uwe mama yake."

"Mimi nimefunga uzazi siku nyingi, mwanangu," nikamwambia. Hata hivyo kesho yake nikaoga, nikajifunga kanga safi, tukaenda.

Ijumaa mchana wafanyakazi walikuwa wamelala chali juu ya magodoro, maana kazi hakuna. Wakaamshwa wakasimama mstari. Afisa utumishi, mama mmoja mpole mwenye miwani, akasoma hotuba: hajawahi kuchelewa, hajawahi kuomba ruhusa. Mkorogaji wa povu, wanayemwita Bonge, akalia kwa kwikwi.

"Alikuwa hanisemi," anasema. "Nyie wote mnanisema."

Wakanikabidhi kadi, ndogo kama kiganja, pamoja na godoro la sita kwa sita ambalo hupewa kila mstaafu. Nikashukuru kwa niaba yake. Mtu mmoja nyuma akanong'ona kwamba tunafanana.

Nikadhani tumemaliza. Loo! Mgeni naye lazima asailiwe. Wakaketi watu watatu nyuma ya meza, kadi ya kiwanda cha karatasi ikawekwa kitini.

"Kwa nini uliacha kazi ya mwanzo?" akauliza afisa utumishi.

Wote watatu wakaikodolea macho kadi.

"Kiwanda kilifungwa, mwanangu," nikadakia. "Si kosa lake."

"Bibi, tafadhali, ajibu mwenyewe."

Binti yangu alikuwa anaangalia saa ya ukutani huku jasho linamtoka. "Hawezi kujibu bila umeme," akasema. "Twendeni karakana nikamuwashie."

Basi wakabeba viti vyao, kila mtu na chake, tukaongozana mpaka karakana. Kadi ikachomekwa kwenye kisanduku cha majaribio, taa ya kijani ikawaka.

"Uko tayari kuanza leo?"

Kijani.

"Una kinyongo na mwajiri wako wa zamani?"

Ikamemeta nyekundu kidogo, ikarudi kijani.

"Mkweli," wakasema wote watatu, wakaipa kazi.

Binti yangu akaikimbiza kadi kwenye chumba cha mota. Yuko ndani anakaza skrubu, kengele ya kutoka ikalia. Mota ikaanza kuzunguka kengele imeshanyamaza. Bonge alipiga vigelegele kama bibi harusi ni wake, lakini meneja alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma.

"Nilisema kabla ya kengele," akamwambia binti yangu. "Kusanya vifaa vyako."

Binti yangu hakubisha. Akaanza kufuta bisibisi moja moja. Mimi nikafungua mdomo, afisa utumishi akanitangulia.

"Haondoki, bosi. Mfanyakazi mpya yuko kwenye majaribio. Msimamizi wake haachishwi kazi mpaka majaribio yaishe. Kompyuta itakataa."

"Na msimamizi wake ni nani?"

"Ndiye huyo."

Meneja akavuta pumzi. "Yanaisha lini hayo majaribio?"

"Mgeni mwenyewe akitamka kwamba amezoea."

Meneja akaiangalia ile kadi ndani ya rilei. Akainama, akaisogelea mpaka pua inakaribia kugusa taa.

"Umezoea?" akaiuliza.

Kijani.

"Hiyo ni ndiyo!"

"Hiyo ni taa, bosi," akasema afisa utumishi. "Nimesema akitamka."

Meneja akavuta kiti, akakaa mbele ya kisanduku kusubiri. Binti yangu akarudisha bisibisi zake ukutani, kila moja kwenye msumari wake, akaniambia, "Mama, wewe tangulia nyumbani. Mimi niko kazini."