Msimamizi wa Jiko na Tumbo Lake

Nilipopewa cheo cha msimamizi wa jiko, nilitembea nimetuna kama chura. Jiko lenyewe ni la kantini ya kiwanda cha viatu, nami nilikuwa nimezeekea humo nikikata vitunguu. Nikapelekwa mafunzo ya usalama wa chakula, nikafaulu, nikarudi na koti jeupe lenye kimfuko cha kipimajoto. Kimfuko hicho ndicho kilichonivimbisha kichwa.

Nyumbani hapakukalika. Mama mkwe akipakua kuku, mimi namchoma kuku huyo paja kwa kipimajoto.

"Mwanangu," akaniambia, "huyu ameshakufa, homa ataipata wapi?"

Mume wangu alicheka hadi akapaliwa. Nikamwamuru azibe mdomo anapokohoa.

Kazini niliwakusanya wenzangu na kuwahutubia kama waziri. "Mwenye tumbo la kuharisha haingii jikoni! Aseme, aende nyumbani. Hakuna aibu hapa!"

Kaka wa kukaanga, mtu mzima mwenye kitambi na ulimi mwepesi, aliitikia, "Sawa, daktari."

Jumapili mchana tukasherehekea cheo changu nyumbani. Wali ukabaki, ukashinda mezani na joto lote lile. Jioni nikaunusa. Darasani tulifundishwa kwamba pua si kipimo. Lakini mimi na kutupa chakula hatujawahi kupatana. Nikala, nikaongeza.

Kesho yake, nikiwa katikati ya kupanga zamu, tumbo liliunguruma kama mashine za kiwanda. Nikaenda chooni kwa mwendo wa heshima. Nikarudi. Nikaenda tena, heshima imepungua. Safari iliyofuata nilikimbia. Nikajiambia ni wasiwasi wa cheo kipya. Nikajiambia mimi sipiki, nasimamia tu. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Niliporudi, dada wa saladi alinitazama usoni kwa huruma, kisha taratibu akalisogeza bakuli lake la nyanya mbali nami.

Bakuli hilo lilinimaliza. Nikasimama mbele yao, jasho linanitiririka.

"Jamani, humu ndani kuna mtu anaharisha."

"Nani tena?" akauliza kaka wa kukaanga, ilhali jiko zima lilishajua.

"Mimi. Naenda nyumbani."

Wakaangua kicheko, mfuniko wa sufuria ukamponyoka mtu. Meneja akaingia kwa kelele hizo, akauliza msimamizi yuko wapi.

"Amejifukuza, bosi," akajibu kaka wa kukaanga. "Mama mkali huyu, hata nafsi yake haipendelei."

Nilikaa nyumbani hadi nikapona kabisa. Mama mkwe alininywesha maji ya chumvi na sukari.

Nilirudi kazini nikiamini hakuna atakayenisikiliza tena. Kabla sijafunga vifungo vya koti, kaka wa kukaanga akanivuta pembeni, akafungua kitambaa na kunionyesha kidole kilichovimba, kina usaha. Zamani angekificha mpaka kianguke.

"Nilijikata na kisu," akanong'ona. "Nifanyeje? Ila usinicheke."

Sikucheka. Nikamtuma zahanati, nikamwambia nafasi yake ipo, asiharakishe. Kisha nikanawa mikono, nikashika kikaangio mwenyewe, kwa kiburi kilekile, na samaki wa watu nikawaunguza wote.