Viatu vya Idi

Sinia lilitua katikati ya mkeka, na mikono ya watoto ikaliingia kabla halijatulia. Ugali wa muhogo na mboga ya majani ya kunde, basi. Kaltumu, ambaye mimba yake ilikuwa imeshamzuia kuinama, alimtazama Hamdani tu, mwanawe wa mwisho. Wenzake walimega na kumeza, walimega na kumeza. Yeye aliweka kiganja ukingoni mwa sinia, akakiacha hapo. Siku za nyuma alikuwa akipigania tonge lake mpaka kilio. Leo hakupigania, na hilo ndilo lililomtia Kaltumu hofu.

"Nimpakulie yake pembeni, Habuba?"

Habuba ndilo jina ambalo nyumba nzima ilimwitia mama mkwe wake, Mariam Poni. Bibi huyo hakuinua hata kope.

"Mtoto wa kula peke yake anakuwa mchoyo. Kwetu sinia iko moja. Baba yake alikula hapo hapo, akakua."

Huyo baba, Abdunoor, alikuwa mpakani Vurra na lori la tajiri wake, anangoja forodha. Hakukuwa na wa kuamua kati yao.

"Basi nampeleka kliniki."

"Mpeleke. Lakini mvalishe. Watu wasiseme Wanubi wanashindisha mtoto njaa."

Wala Kaltumu hakuhitaji kukumbushwa. Mtaani kwao hapo Koboko mtoto anakwenda kliniki ya serikali amependeza kama anakwenda harusini. Ukimpeleka na kaptura iliyochanika, habari itafika nyumbani kabla yako. Alimpaka mafuta, akamvika kanzu ndogo, akachukua viatu vya Idi. Viatu vikakataa. Siku ya Idi viliingia vizuri tu.

Habuba akafurahi kweli. "Ona mguu ulivyojaa! Ananenepa huyu, wewe unasumbuka bure."

Jamani, Kaltumu alitaka kuamini. Alipaka mafuta kisigino, akasukuma mpaka viatu vikaingia. Hamdani hakulia, aliguna tu kama mzee. Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua hawakumfikiria mama anayeficha bila kujua kwamba anaficha.

Klinikini, muuguzi wao, sista Concy, alikuwa amesimama barazani na picha zake za vyakula.

"Chakula ya mtoto inaanza tumboni. Mama mwenye mimba akule yai, samaki, maharage, boga, maziwa kama iko. Akizaa, anyonyeshe. Miezi sita ikifika, aongeze uji wa kutia karanga. Na mtoto awe na sahani yake mwenyewe, mumesikia? Yake."

"Yai tunaonanaga nayo hapa kwa picha, sista," alisema Filda, mwanamke mmoja wa Ludara aliyeketi karibu na Kaltumu. Akina mama wakacheka, sista naye akacheka kidogo.

Kaltumu hakucheka. Tangu mimba hii iingie hakuwa ameonja yai, maana Habuba alisema mwenye mimba akila yai mtoto hutoka bila nywele. Na Hamdani alimwachisha ziwa siku ile ile alipojijua ana mimba, maana kwao maziwa ya mwenye mimba ni sumu. Kila neno la sista lilimwangukia yeye.

Foleni ilikuwa imefika getini. Concy alipandisha mkono wa ile kanzu, akauzungushia mkono wa mtoto utepe wa rangi wa kupimia ukondefu, akauvuta, akasoma. Miguuni hakutazama. Nani angetazama viatu vinavyong'aa vile?

"Iko njano. Chakula ya pakiti imebaki kidogo, tunapea wale wa nyekundu peke yake. Rudi mwezi unaokuja."

"Na akifika nyekundu?"

"Ndiyo utapata."

Kaltumu akatoka akiwa amemkumbatia mwanawe, na hapo barazani akajikuta anamwomba Mungu mkono ule ukonde zaidi. Ombi lake mwenyewe likamtisha, akasema astaghfirullah, akasema tena. Mungu amsamehe. Lakini aliyemfundisha kuomba hivyo ni nani?

Hamdani akaanza kulialia. "Viatu vinamubana," Filda akasema. Akavivua yeye mwenyewe, taratibu. Akabonyeza mguu kwa kidole gumba, akaachia. Shimo likabaki.

"Mama Hamdani, hii si unene. Ni kuvimba."

"Habuba amesema..."

"Hata mimi nilisema. Wangu alianza hivi hivi. Nilizunguka nikionyesha watu mashavu yake."

Kaltumu hakuuliza wa Filda yuko wapi. Aliruka foleni, akamweka mtoto mezani mbele ya sista. Concy akabonyeza mguu mmoja, akabonyeza wa pili, na sauti ikamshuka.

"Nisamehe, mama. Huyu ni wa kulazwa. Leo, si kesho. Lakini maziwa yake ya dawa hapa hakuna. Ni Arua, hospitali kubwa."

"Gari?"

"Gari iko. Mafuta hakuna. Tulishaomba, hawajibu. Rudi nyumbani, mutafute usafiri."

Kaltumu hakurudi nyumbani. Alivuka ua, akafungua mlango wa nyuma wa gari la wagonjwa, akapanda na tumbo lake na mtoto wake, akakaa. Dereva, Dramadri, akaja anafuta mikono.

"Mama, hii gari haitembei."

"Najua."

"Sasa unakaa kufanya nini?"

"Nangoja itembee. Nikishuka, mtasahau."

Dramadri akamtazama, akaitazama ile miguu mitupu ya mtoto, akaacha mlango wazi. Alielekea ofisini kwa mkubwa wa kituo, na sauti yake ikasikika ikipanda, akidai mafuta. Filda akaja na yai la kuchemsha alilonunua getini, akalimenya.

Kaltumu akamega kiini, akamtilia Hamdani mdomoni. Mtoto akageuza uso. Akajaribu tena. Kile kipande kikaangukia kanzu, na mtoto akafumba macho kana kwamba chakula ni jambo la watu wengine.

Kisha akala lile yai yeye. Alilila lote, machozi yakimtoka, kwa ajili ya yule wa tumboni ambaye bado hajakosa kitu, hata akitoka bila nywele.

Akabonyeza tena mguu wa Hamdani, akaanza kungoja shimo lijae. Kule ofisini sauti ya Dramadri ilikuwa imekoma, na hakuna aliyekuwa ametoka.