Nusu Tano za Bimdogo

Siku ya kumi na sita Msabaha, mpika halua wa Bagamoyo, alifunga duka mapema, akamwambia mkewe, Bimdogo, avae kanga mpya. Hesabu aliifanya mwenyewe. Bimdogo alikunywa dawa ya rovu, uvimbe wa shingo, Dar es Salaam siku ileile binti yao Chausiku alipojifungua. Daktari alisema dawa hiyo ni radioisotopu, hupungua nusu kila siku nane, na asimpakate mtoto mchanga kabla haijapungua vya kutosha. Nusu siku nane, nusu ya pili siku nane. Imekwisha. Akachukua sahani ya halua ya mzazi, wakaenda kumpakata mjukuu wao wa kwanza.

Mlangoni kwa Chausiku walimkuta Muhidini, mganga wa zahanati, ametoka kumtazama mtoto kitovu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Pisha, bibi anaingia.”

“Bado, mzee.”

“Bado nini? Niliishia darasa la tatu, lakini nusu mbili nazijua!”

“Basi kata halua hiyo nusu, weka kando. Siku nane. Sasa kata kilichobaki.”

Msabaha akakata. Ikabaki robo.

“Bibi yuko hapo leo. Chembe za radioisotopu hazitulii. Kila moja ina siku yake ya kutoa mnururisho, mionzi ya kumdhuru mtoto, ikageuka kitu kingine. Haziondoki zote pamoja.”

“Sasa mlimnywesha ya nini?”

“Rovu hupenda ayodini, ile ya kwenye chumvi. Hii nayo ni ayodini, huenda moja kwa moja shingoni ikalichoma rovu kwa ndani. Hapana kisu.”

Msabaha akakata tena, na tena, na tena. Kikabaki kipande kama punje ya kunde.

“Hapo sawa,” alisema Muhidini. “Nusu tano.”

“Siku arobaini!” Chausiku alicheka huko ndani. “Baba, si ndiyo siku natoka na mtoto?”

Bimdogo alimgeukia mumewe. “Kumbe nimevaa kanga mpya nije kutazama ukikata halua?”

Akataka kigoda, akakaa ng’ambo ya ua, akaamuru mtoto anyanyuliwe dirishani.

“Pua ya Msabaha hiyo. Pole, mjukuu wangu.”

Siku ya arobaini Muhidini aliruhusu. Bimdogo alimpakata mtoto toka asubuhi, hata Msabaha hakupewa. Adhuhuri Chausiku alikuja kumchukua anyonye.

“Ngoja kwanza,” alisema Bimdogo. “Wewe umekaa naye siku arobaini.”