Malkia wa Shupaza Alipomenya Ndizi

Kila Jumamosi saa kumi alasiri, Kemirembe akimenya ndizi jikoni kwa meneja wa mgodi wa bati, Isingiro, Malkia wa shupaza alishuka kutoka kwenye karata, akavuta kigoda na kuomba kisu. Barazani wazungu wanne, meneja na mkewe, mpima ardhi na daktari, walicheza briji. Karata yake ilibaki mkononi mwa mtu ikiwa na kiti kitupu. Zamu yake ikikaribia alinawa, akarudi.

Bibi yake Kemirembe, Deodatha, alipomkuta Malkia siku moja, aliona si vyema mgeni aje kila wiki bila undugu. Alipasua tunda la kahawa, akawapa buni mojamoja iliyochovywa katika damu, wakala na kunywana, yaani wakawa ndugu. Damu ya Kemirembe iliwatosha wote wawili, maana mwenzake alikuwa wa karatasi. Tangu hapo ikawa mwiko mmoja kumtega mwingine.

Jumamosi moja Mama Meneja alishikwa na homa karata zikiwa zimeshagawiwa. Meneja akamwita Kemirembe akae badala yake. Msichana huyo aliishia darasa la pili, na aliona haya hata kuitikia salamu. Lakini alikuwa amesimama na sinia nyuma ya kiti kile miezi minane.

"Leo niko mkononi mwa mpima ardhi," Malkia alimwambia, akijikausha mikono. "Fanya utakavyo, dada."

Mpima ardhi ndiye aliyepigilia vigingi katika kibanja cha Deodatha, shamba lake la migomba. Jumatatu mtaro wa mgodi ungekata migomba yote.

Zamu ya kutaja mikono atakayoshinda ilipomfikia, Kemirembe aliangalia sakafu. "Shupaza nne," akasema.

"Sita ya lazima na minne juu, mikono kumi kati ya kumi na mitatu!" Mpima ardhi alicheka. "Hata chai waimwaga kwa woga, leo wataka kumi? Ukiipata, binti, mtaro utapita bondeni, chini ya migomba ya bibi yako."

"Neno ni neno," alisema daktari, mshirika wake.

Meneja, aliyekuwa upande wa Kemirembe, alitandaza karata zake wazi mezani, akanyamaza kama sheria itakavyo. Shupaza ndiyo ilikuwa turufu, na kubwa iliyokosekana mikononi mwao ni Malkia tu. Njia fupi ilikuwa kumvizia, anaswe katikati. Kemirembe hakuifuata. Alicheza ree, akacheza mfalme, Malkia akabaki. Akacheza kopa na pau mpaka zikamwishia mpima ardhi. Kisha akatoa shupaza ndogo, kama mtu anayefungua mlango.

Malkia akaja, akachukua mkono ule kwa heshima zote. Sasa ilikuwa zamu ya mpima ardhi kuanza, naye hakuwa na kitu ila uru. Kila uru aliyotoa iliangukia kwenye kubwa za Kemirembe.

Kumi kamili.

"Ungeweza kumnasa mapema!" alisema daktari.

"Ni ndugu yangu, bwana."

Jumatatu mtaro ulipita bondeni, chini ya migomba. Vigingi vikahamia ng'ambo ya kijito, shambani kwa jirani yao Byabato.

Jumamosi iliyofuata Mama Meneja alikuwa amepona, na Kemirembe alibeba sinia kama kawaida. Jikoni aliingia Joviana, mke wa Byabato, udongo miguuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nasikia mashamba yetu yanachezewa karata."

"Ndiyo, mama."

"Basi nifundishe."

Malkia akatoka kwenda kuwaita malkia wenzake watatu. Kemirembe alifuta meza ya ndizi.

"Tuanze na kutaja," akasema, na barazani wote wakamsikia.