Nati Alizokaza Spès

Ukitaka kumjua Sébastien, msikilize anavyozungumzia mbio. Miaka nenda miaka rudi anazunguka kiwanja kile cha vumbi nje ya Durban, kwenye magari ya kugongana, vioo hakuna, milango imechomelewa, na hajafika popote. Siku za kazi ananyoosha bodi za taksi gerejini Isipingo. Jumamosi anavaa kofia ngumu na kujiona mtu. Basi msimu huu, eish, timu moja kubwa ikatangaza kwamba bingwa wa madereva wadogo atapewa gari lao na kupanda daraja. Sébastien akakosa usingizi kwa furaha. Shida ilikuwa moja: aliyekuwa sawa naye kwa pointi ni Protas.

Na Protas, Mrundi wa watu, ndiye rafiki yake wa kufa na kuzikana. Magari yao mawili waliyaunda pamoja, gereji moja, kwa spana zilezile. Walikuwa na desturi yao. Kabla ya kila mbio wote wawili huweka mikono juu ya boneti, na Spès, mke wa Protas, anaomba. Wanaapa: wengine tutawagonga, sisi kwa sisi hatugusani. Amina. Kisha Spès anachukua spana na kukaza nati za magurudumu ya gari la mumewe, yeye mwenyewe, mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Madereva wengine walikuwa wakicheka. Mwanamke na spana, wapi na wapi!

"Mkono ya bibi yangu iko na nguvu kuliko yenu," Protas alikuwa akiwajibu.

Siku ya mbio za mwisho, kwenye kona ya mwisho, Protas alikuwa mbele. Sébastien aliona ubavu wa gari la mwenzake umebaki wazi kidogo, na mguu wake haukutoka kwenye mafuta. Tusidanganyane hapa: hakuteleza, wala hakusukumwa na mtu. Alichomeka bampa lake la chuma kwenye gurudumu la nyuma la Protas, kusudi kabisa. Gari likabiringika mpaka ukutani. Yeye akapita, akachukua ushindi. Katika vumbi lile, nani aliona?

Protas alivunjika paja. Alichokumbuka ni kitu kimoja tu, kwamba aliona gurudumu lake mwenyewe linampita. Kwa hiyo akiwa bado hospitalini alisema nati hazikukazwa. Maneno hayo yalifika kanisani kabla yeye hajarudi nyumbani. Akina mama wa kwaya wakaanza: mwanamke na spana, si tulisema? Spès akaacha kuimba nao. Akawa anakaa nyuma kabisa, karibu na mlango, na ibada ikiisha hangoji mtu.

Sébastien alijua ukweli. Yeye ndiye aliyekimbilia kuliokota lile gurudumu. Nati zote zilikuwa palepale, zimekaza, na ndani ya kila moja kulikuwa na kipande cha bolti iliyokatika. Nati ikilegea inajifungua na kuanguka, bolti inabaki nzima. Hizi hazikulegea hata kidogo. Bolti zilikatwa na kishindo. Alilificha gurudumu chini ya turubai gerejini, na kila akipita pale anageuza uso. Alijiambia mguu utapona, mbio ndivyo zilivyo. Uongo mtupu! Mguu utapona, haya, na Spès je?

Jumapili baada ya ibada akaenda kumwona mgonjwa kwenye fleti yao kule Berea. Alipanga kukaa kidogo tu. Protas alikuwa kwenye kochi, mguu juu ya mito.

"Champion!" akamwita. "Jumamosi unakimbia na wakubwa. Usituaibishe, hein!"

Spès akaleta ugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Hakumtazama mumewe, na mumewe hakumtazama. Kisha akaingia chumbani, akatoka na spana imefungwa kwenye kitambaa, akaiweka karibu na Sébastien.

"Shemeji, chukua. Mimi sitaigusa tena. Nilikaza, Mungu anajua nilikaza, lakini labda mkono ulichoka. Unisamehe na wewe, nimeharibu kazi yenu."

Amsamehe! Yeye, amsamehe Spès! Sébastien aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Alirudisha tonge sahanini. Aliinuka bila hata kunawa, akashuka ngazi, akaendesha mpaka Isipingo, akarudi na lile gurudumu begani. Akalitua mezani, kati ya sahani ambazo hakuna aliyekuwa ameziondoa.

Protas ni fundi, hakuuliza kitu. Alijaribu nati moja kwa vidole, ikagoma. Akajaribu nyingine. Akapapasa pale bolti ilipokatika.

"Spès," akasema. "Njoo uone. Ulikaza."

Spès akaja, akaweka kiganja juu ya nati zake, akalia kwa sauti. Protas akamshika mkono. "Pardon, mama. Pardon."

"Ni mimi," Sébastien akasema. "Nilikugonga kusudi. Nilitaka lile gari."

"Tuliomba pamoja," Protas akamwambia. "Mikono juu ya boneti."

"Tuliomba, ndiyo. Jumamosi sikimbii, kaka. Nitawaambia timu nimeugua."

"Wee! Umeugua nini?" Ni Spès huyo, machozi hata hayajakauka. "Utakuja kiwanjani. Na wale mama wa kwaya nitawaleta. Nitakaza magurudumu yako yote wakiniangalia, na kabla hujawasha utawaambia wote, timu yako pia, nani alimvunja mume wangu mguu. Kwa sauti. Wakikuacha ukimbie, kimbia."

Sébastien alijua hawatamwacha akimbie; timu gani itampa gari mtu aliyemvunja rafiki yake kusudi? Akatikisa kichwa kukubali.

Spès akainama, akachukua spana, akaifungua kitambaa.

"Hii inabaki kwangu," akasema.